Kabla ya Kukata Chuma: Trela la Jeshi na Safari Yake Hadi Kisii

Leo hakuna msimbo. Mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata mtanisamehe, hifadhidata haina haraka. Leo nataka kuzungumza kuhusu trela.

Trela lenyewe liko uani kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, upande wa Daraja Mbili hapa Kisii. Limewekwa juu ya mawe na kuku wamehamia chini yake. Ni trela la jeshi la Uingereza, la magurudumu mawili, la kubeba robo tatu ya tani, aina ambayo wapenzi wa Land Rover huiita Sankey. Mimi na rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu tulilinunua kwa mkulima mmoja karibu na Nanyuki, ambaye alilipata mnadani miaka mingi iliyopita akawa analibebea mikebe ya maziwa. Tunataka kuligeuza liwe trela la kupigia kambi: hema juu, jiko nyuma, maji na magodoro ndani. Halafu tulikodishe kwa watu wanaotaka kwenda Mara kwa kupitia Kilgoris na Lolgorian, njia ambayo mvua ikinyesha sawasawa unaona aibu kuiita barabara. Akiba yangu ya mwaka mmoja na nusu imo humo ndani. Mama hajui, na hasomi blogu hii, kwa hiyo tuendelee.

Siku ya kwanza fundi alichukua chaki akachora mistari mitatu. Hapa tunakata ndoano. Hapa tunatoa ekseli. Hapa tunapandisha bodi iwe ndefu kama kibanda. Nikamwambia ngoja kwanza. Mtu aliyewahi kurithi programu ya mtu mwingine anajua hofu niliyokuwa nayo: unafuta mstari mmoja ulioonekana hauna kazi, na Jumatatu mfumo wote wa mishahara umelala. Nikaomba wiki mbili nijue kila kipande kiliwekwa kwa nini. Akacheka. "Wewe soma, mimi nitakata."

Basi nikasoma. Lakini aliyenielekeza pa kuanzia si kitabu. Mzee mwenye uwanja huo alipita jioni moja, akalizunguka trela polepole akiligonga kwa fimbo, akaniuliza, "Kijana, hili la jeshi litabeba nini?" Nikamjibu, "Vitanda, mzee. Na jiko na maji." Akafikiri kidogo. "Baba yangu aliibebea jeshi kichwani," akasema, na akaenda zake.

Wengi wetu tuliosoma shule huku tulifundishwa Vita Kuu ya Kwanza kama jambo la Ulaya, wakati ilipiganwa hapa mjini. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Wilhelm Bock von Wülfingen kilivuka mpaka kutoka nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na tarehe 11 kikaingia Kisii. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wameshaliacha boma. Kesho yake askari wa King's African Rifles walifika kutoka upande wa ziwa wakapigana nao. Kapteni Thorneycroft, aliyewaongoza, aliuawa, na Wajerumani nao wakaondoka wakiwa wameumia vibaya. Katika siku hizo ambazo boma halikuwa na mwenyewe, watu walivunja ofisi na maduka, na hata misheni ya Nyabururu ikaporwa. Serikali iliporudi ililipiza kisasi: nyumba zikachomwa, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa. Haikuwa mara ya kwanza, kwani misafara ya kijeshi ya 1905 na 1908 ilikuwa imepita na moto huo huo. Ndiyo maana gari la kijani la jeshi likisimama katika uwanja wa Kisii, si kila mzee ataliona kama kitu cha kwenda nacho pikiniki.

Baada ya hapo vikaja vita vya mizigo. Kampeni ya Afrika Mashariki ilipiganwa mahali ambapo reli zilikuwa chache na mbung'o waliua ng'ombe, farasi na nyumbu kwa wingi. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, lakini Kisii haikupata reli, na hadi leo haina. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Waingereza waliunda Carrier Corps, na jina hilo likabaki katika ardhi yetu: Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zote mbili ni masalia ya wapagazi hao. Walichukuliwa watu laki kadhaa, wengi kwa lazima. Hesabu rasmi ilikubali vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria waliochunguza baadaye wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi sana. Wengi hawakuuawa na risasi bali na malaria, kuhara, na chakula kibovu.

Mimi ni mtu wa hesabu, nikakaa na kalamu. Chukua mpagazi mmoja mwenye mzigo wa kilo 25, anayekula kilo moja ya unga kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, kilo 20 za mzigo ni chakula chake mwenyewe. Anafikisha kilo tano. Ongeza umbali kidogo na hafikishi kitu, anatembea tu ili ale. Kwa hiyo ukitaka kufikisha zaidi unaongeza watu, na watu hao wanakula, na chakula chao kinahitaji watu wengine wa kukibeba. Ni kitanzi kisichoisha, na kilichokuwa kikizunguka ndani yake ni watu kama baba yake yule mzee.

Ukitaka kuona upande wa pili wa hesabu hiyo, huhitaji kwenda mbali. Mwaka 1909, miaka mitano tu kabla ya vita, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu urais wa Marekani, alipita kuwinda huko Sotik, majirani wetu wa upande wa Nyamira. Kulikuwa na eneo kavu la kuvuka njiani, na msafara wake ulitumia magari makubwa yaliyokokotwa na ng'ombe kubebea maji na chakula. Alikuwa na wapagazi wengi pia, usinielewe vibaya. Lakini maji yakiwa kwenye magurudumu, jangwa la siku mbili tatu linavukika. Ukiniuliza trela la kwanza la kambi katika pande hizi lilikuwa lipi, nitakuambia ni lile gari la maji la Sotik. Wazo letu la kibiashara lina umri wa zaidi ya karne moja.

Sasa tuje kwenye vyombo, kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kuelewa fundi na mimi tulikuwa tunabishania nini.

Kila mtu anayenunua mahindi sokoni anajua debe. Je, umewahi kujiuliza kwa nini debe lina ukubwa ule? Mafuta ya taa na petroli yalikuja Afrika Mashariki katika mikebe ya bati ya galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha, mkebe haukutupwa. Ulichota maji, ukapima mahindi, ukafunguliwa ukawa paa. Kipimo kikabaki hata mkebe wenyewe ulipotoweka. Sasa, jeshi la Uingereza liliingia Vita vya Pili likibeba petroli yake katika mikebe ya namna hiyo hiyo ya galoni nne. Huko kwenye jangwa la Afrika Kaskazini mikebe ilipasuka na kuvuja ovyo, na sehemu kubwa ya mafuta iliishia mchangani. Wajerumani walikuwa na chombo kingine, kilichobuniwa mwaka 1937: lita 20, chuma kilichoshindiliwa kwa nguvu, kifuniko cha kubana kwa mkono bila kuhitaji kifaa chochote. Kilikuwa na mishikio mitatu, ili mtu mmoja ashike mitungi miwili mitupu kwa mkono mmoja, au watu wawili wasaidiane mmoja uliojaa. Ndani waliacha nafasi ya hewa ili ukianguka majini uelee. Waingereza walipoiteka waliinakili bila aibu, na jina la utani waliloliita adui, Jerry, ndilo lililozaa jerikeni.

Leo nenda kisima chochote cha Nyamira asubuhi utaona mitungi ya plastiki ya njano imepangwa foleni, mingi ikiwa imekuja na mafuta ya kupikia. Sio ile ya Wajerumani, chuma kimeondoka na mishikio miwili imeondoka. Lakini lita 20 zimebaki, na bei ya maji inatajwa kwa mtungi. Kilichovuka kutoka jeshini hadi kisimani ni kipimo, na kila mtu anayetengeneza rafu, mkokoteni au kibebeo cha boda boda anajua mtungi utaingia. Wenzangu wa programu mmeshaona ninakoelekea.

Trela nalo lina hadithi kama hiyo. Kampuni ndogo ya Marekani iitwayo American Bantam ndiyo iliyotengeneza jeep ya kwanza ya majaribio mwaka 1940. Kazi ya kuzitengeneza kwa wingi ikapewa Willys na Ford. Bantam ikaambulia trela. (Mtu yeyote aliyewahi kuandika mfano wa kwanza kisha mradi ukapewa kampuni kubwa atalia na Bantam hapa.) Lakini lilikuwa trela la robo tani lililofikiriwa vizuri ajabu. Magurudumu yake yalikuwa yale yale ya jeep, kwa hiyo pancha ikitokea, tairi moja la akiba lilitosha magari yote mawili. Bodi haikupitisha maji, ili lielee wakati wa kuvuka mto, na sakafuni kulikuwa na vizibo vya kutolea maji baadaye. Hata Sankey letu lina vizibo vya namna hiyo. Fundi alidhani ni matundu ya kutu yaliyozibwa.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 dunia ilikuwa imejaa mashine ambazo hazikuwa na kazi, na Afrika Mashariki ilikuwa imejaa watu waliojifunza kuziendesha na kuzitengeneza jeshini. Hapo ndipo yakatokea majaribio mawili ya kugeuza vitu vya jeshi kuwa vya raia. Moja lilifeli vibaya sana na lingine likafaulu kupita kiasi. Nimekaa nayo hayo mawili usiku kadhaa.

Lililofeli ni la Kongwa, Tanganyika. Uingereza baada ya vita ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia, na mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza kulima karanga kwa mashine. Serikali ikaupokea mpango kwa shauku iliyopitiliza: ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika, kuanzia mwaka 1947. Shida ilikuwa kwamba matrekta mapya hayakupatikana. Kwa hiyo wakanunua yaliyotumika, yakiwemo ya akiba ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino. Na kama hiyo haikutosha, kiwanda cha Vickers kilichukua vifaru aina ya Sherman, kikavua turubali la chuma na mzinga, kikatengeneza trekta. Wakaliita Shervick, nusu Sherman nusu Vickers. Ukisikia jina tu unadhani ni mzaha.

Unaweza kuelewa kilichowavutia. Kifaru kina nguvu, kimeshalipiwa, kimekaa bure. Kichaka cha Kongwa kina mizizi na mibuyu, basi peleka kifaru. Walifika mahali pa kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili na kuuburuta kung'oa miti, na hiyo angalau ilifanya kazi. Lakini udongo wa pale mvua ikikata hukauka ukawa kama saruji, ukala majembe. Spea hazikuwepo, au zilikuwepo za mashine nyingine. Madereva walifunzwa kwa haraka haraka. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, theluthi mbili hivi ya matrekta yalikuwa yamesimama. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza mwisho wa mpango, na pauni milioni 36 hivi za walipakodi wake zikawa zimeyeyuka.

Watu wengi hucheka Kongwa kwa sababu ya karanga. Mimi iliyonishika ni Shervick. Kifaru hakijaundwa kufanya kazi peke yake. Nyuma yake kuna karakana zinazotembea, malori ya spea, matangi ya mafuta, mafundi waliofunzwa kwa mashine hiyo moja tu. Kongwa walichukua chuma wakaacha hayo yote, halafu wakashangaa. Nilikuwa nimelala chini ya trela letu na tochi mdomoni nilipofikiri hivyo, nikitafuta namba ya beringi ambayo nimeshaiulizia maduka matano ya Kisii na mawili ya Kisumu.

Lililofaulu lilianza shambani. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa anatumia jeep ya jeshi iliyochakaa kwenye shamba lake kisiwani Anglesey. Akajiuliza ikifa kabisa atanunua nini. Gari la kwanza la majaribio walilijenga juu ya fremu ya jeep. Bodi ikawa ya aloi ya alumini kwa kuwa chuma cha pua na cha kawaida vilikuwa kwa mgao, na rangi ya kijani ikatokana na akiba iliyobaki ya ndege za kijeshi. Aprili 1948 wakalionyesha Amsterdam. Ndiyo Land Rover, ambayo baadaye ilibeba polisi, wapimaji ardhi, mapadri na wagonjwa katika kila kona ya Kenya, na ikafika wakati zikawa zinaunganishwa Thika. Angalia alichobakiza Wilks kutoka kwenye jeep: umbali wa inchi 80 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, mpangilio wa kuendesha magurudumu manne, wazo la gari ambalo mkulima analifungua kwa spana. Chuma chenyewe cha jeep hakikuhitajika tena.

Jeshi la Uingereza lilipoikubali Land Rover likahitaji trela la kuifuata, na Sankey likatoka hapo. Joseph Sankey and Sons walikuwa sehemu ya GKN, kiwanda chao kikiwa Shropshire, na watengenezaji wengine pia walipewa kandarasi ya matrela ya aina hiyo. Na sheria ikawa ile ile ya Bantam: ringi za Land Rover, nati tano, upana wa kukanyaga njia sawa na wa gari linalolivuta. Hili la upana lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Kwenye matope ya Kilgoris gari la mbele linachimba mitaro miwili. Trela likiwa na upana uleule linapita ndani ya mitaro hiyo. Likiwa jembamba, linapanda ukingo, linainama, na gari linavuta kama linaloburuta jiwe.

Sasa unaona nilipokosea? Nilikuwa nimesimama mbele ya fundi wiki mbili nikimwambia asiguse ekseli kwa sababu ni ya asili. Lakini gari letu si Land Rover. Rafiki yangu ana Hilux. Hilux ina nati sita, Sankey ina tano. Upana si mmoja. Kuiacha ekseli ya asili ni kutunza chuma na kutupa wazo lililofanya chuma hicho kiwe na maana. Yaani nilikuwa nataka kujenga Shervick yangu ndogo.

Na wiki hizo mbili hazikuwa bure. Siku ya tisa tulikosa subira, tukalifunga nyuma ya Hilux, tukapakia mawe, tukateremka nalo mlima wa Nyanchwa ili tuone linatulia vipi. Breki za trela hili hazina waya wala bomba kutoka kwenye gari. Gari likipunguza mwendo, trela linajisukuma mbele, mhimili wa ndoano unaingia ndani, unavuta fimbo, fimbo inabana breki. Ni ubunifu mzuri sana wakati fimbo inasogea. Ya kwetu ilikuwa imeganda kwa kutu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesema hakuna kufungua chochote, hakuna aliyeifungua. Rafiki yangu alikanyaga breki, na trela likamsukuma. Unalisikia mgongoni kabla ya kulielewa. Nyuma ya Hilux ikaanza kwenda upande, mimi nikashika dashibodi kama kwamba hiyo ingesaidia, na tukasimama ndani ya napia ya mtu, hatua chache kutoka kwa mama aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe. Tulimwomba msamaha, tukamlipa napia yake. Hakutuambia neno. Alituangalia tu, halafu akaliangalia trela. Nimeandika programu zenye makosa mengi, lakini hakuna iliyowahi kumkaribia mtu hivyo.

Jioni hiyo nilimwambia fundi achukue chaki yake turudie mistari.

Ndoano inabaki. Yeye alitaka mpira wa kawaida wa milimita 50, kama wa matrela ya mjini, kwa sababu anao tayari. Lakini lile jicho nene la jeshi na ndoano yake vinaruhusu trela kujipinda na gari kujipinda upande mwingine bila kung'oana. Mpira una kikomo, na kikomo hicho hukipata ukiwa katikati ya mto. Hapa alikubali baada ya kuchukua kipande cha bomba na kuigiza mwenyewe kwa mikono. Na mhimili ule wa breki umefunguliwa wote, umesuguliwa, umepakwa grisi.

Ekseli inatoka. Tumepata ya Hilux ya aina ile ile ya gari letu, kwa hiyo nati sita, upana mmoja, tairi moja la akiba kwa magari yote mawili, na beringi ambazo duka lolote hapa mjini linazo hata Jumapili. Fimbo ya breki tumeiunganisha na nyaya za breki ya mkono za ekseli hiyo. Fundi alilifikiria hilo kabla yangu, na nadhani alikuwa analijua tangu siku ya kwanza. Hakuwa na maneno ya kuniambia kwa nini, nami sikuwa na masikio.

Bodi haipandi. Huu ndio mstari tuliobishania zaidi, kwa sababu wateja wanapenda kuona kitu kirefu kama kibanda. Ila robo tatu ya tani ni robo tatu ya tani, na hema, jiko, magodoro na mizigo ya watu wanne vinaila haraka kuliko unavyofikiri. Uzito ukipanda juu, kwenye mteremko wa pembeni trela linalala. Tumechora sakafu upya kwa kipimo cha mtungi: mitungi minne, lita 80, kilo 80, imekaa juu ya ekseli kabisa ili mkia usiyumbe. Kila kitu kingine kimepangwa kuzunguka hiyo.

Taa zilitusumbua siku nzima. Zilikuwa zinawaka kwa unyonge kama kibatari, tukabadilisha waya, tukalaumu betri. Kumbe balbu zilikuwa za volti 24, za mfumo wa jeshi, na Hilux inatoa 12. Balbu nne mpya na soketi ya kiraia, kazi ikaisha.

Kumebaki sanduku la jiko, hema na rangi. Rangi itakuwa ya maziwa, si kijani. Mzee alikuja tena juzi, akaonyeshwa mahali pa mitungi, akahesabu nafasi kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Akauliza kama kabla ya hao wageni wa Mara tunaweza kumpelekea magunia yake ya mahindi Keroka. Tutapeleka Jumamosi, na breki nimezijaribu mimi mwenyewe mara tatu kwenye mlima ule ule.

Ekseli ya jeshi na ringi zake hazikukaa uani hata siku mbili. Fundi aliziuza kwa jamaa anayetengeneza mikokoteni ya punda, na akanipa nusu ya pesa. Nimeiona wiki hii ikiteremka kutoka sokoni, imebeba ndizi.